Bibi Noack Hahami: Maisha ya Eckart Vollrath, 1929–2004

Marehemu Eckart Johannes Vollrath hakupenda wasifu wa mazikoni. Kila akitoka kumzika mtu alivua kofia, akamwambia mkewe, "Roswitha, huyo waliyemsoma pale mimi sikuwahi kumjua. Mtu mwema mno." Kwa hiyo familia imekubaliana kumsoma yeye kama alivyokuwa, na mambo yaliyompata kama yalivyompata. Kama yupo atakayechomwa na haya akiwa ameketi humu, marehemu hatakuwa na pingamizi.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1929 katika kijiji kilicho nje ya mji wa Sonneberg, Thuringia, mtoto wa pekee wa Johannes Vollrath na mkewe Hedwig, wa ukoo wa Greiner. Baba yake alikuwa fundi wa macho ya kioo ya wanasesere. Jikoni kwao, juu ya kabati, makasha ya bati yalijaa macho: ya buluu, ya kahawia, ya kijivu, yote yakitazama chini. Eckart alipokuwa mdogo hakuweza kuiba sukari mpaka kwanza ayafunike macho yale kwa taulo. Mama yake akiingia akalikuta taulo juu ya makasha, hakuwa na haja ya kuuliza. Alinyoosha mkono tu, akasema, "Toa."

Alianza shule kijijini mwaka 1936, akaendelea na sekondari mjini Sonneberg. Mwaka 1943 baba yake aliuawa vitani upande wa mashariki. Mwaka uliofuata Eckart na wenzake, watoto wa miaka kumi na mitano, walitolewa darasani wakapelekwa kuhudumia mizinga ya kutungulia ndege. Alirudi na sikio la kushoto lisilosikia, na chuki ya kudumu kwa mtu yeyote anayepaza sauti kwenye mkutano. Alimaliza masomo mwaka 1948. Mwalimu wake wa lugha, Bi Trautwein, alimrudishia insha ya mwisho akamwambia, "Vollrath, wewe unawaandika watu kama wanavyosema. Hicho ni kipaji, lakini wakati wake si huu." Eckart alidhani amesifiwa. Alikuwa na miaka arobaini hivi alipoelewa kwamba alikuwa ameonywa.

Mwaka 1949 aliondoka nyumbani na sanduku moja, akaenda kutafuta kazi kwenye studio ya filamu nje ya Berlin. Alianza kwa kubeba mbao za kujengea mandhari. Kufikia mwaka 1955 alikuwa meneja wa utayarishaji. Wengi wenu mliofanya naye kazi mnaijua kazi hiyo. Kwa wajukuu zake ambao hawaijui, ni hivi. Mwongozaji akisema anataka treni ya mvuke, mvua, na farasi mweupe asiyeogopa treni, wote humgeukia meneja wa utayarishaji, naye hujibu, "Saa ngapi?" Watazamaji hawamjui. Kazi ikienda vizuri, hakuna anayekumbuka kwamba alikuwepo.

Wengi wanakumbuka habari ya bata bukini. Mwaka 1956 studio ilitengeneza filamu ya watoto yenye msichana mchunga bata, na marehemu akaazima kundi zima kutoka ushirika wa wakulima, kwa ahadi ya kulirudisha kabla ya Novemba, wakati bata huchinjwa. Picha zilipokwisha, watoto walioigiza waliketi chini mbele ya lori wakakataa kuondoka. Marehemu aliwatazama watoto, akawatazama bata, akamwambia dereva azime injini. Siku ya pili alikwenda kwa mwenyekiti wa ushirika akamtafutia mashine ya kukamulia maziwa ambayo mtu yule alikuwa akiililia kwa miaka, na bata wakabaki. Waliishi nyuma ya karakana ya maseremala muda mrefu, wakali kuliko walinzi. Siku moja walimkimbiza naibu waziri aliyekuja kukagua studio, wakamng'ata nyuma ya goti. Mkurugenzi akamwita marehemu ofisini.

"Ndugu Vollrath, watu wanasema umewafundisha."

"Hapana, Ndugu. Wanasoma magazeti wenyewe."

Wakati ule bado mtu aliweza kusema neno kama hilo, wakubwa wakacheka.

Mke wake, Roswitha Hänel, alikuwa mhariri wa filamu katika studio hiyohiyo. Walijuana kwa ugomvi. Marehemu aliingia chumba cha kuhariria kuuliza kazi itakwisha lini, naye bila kugeuka akamwambia, "Itakwisha ukitoka." Akatoka. Kesho yake akarudi, akasimama mlangoni nje kabisa ya kizingiti, akauliza, "Hapa nimeingia au nimetoka?" Walifunga ndoa Potsdam tarehe 11 Mei 1957. Aliyewasimamia alikuwa rafiki wa marehemu, Henning Marquardt, mwongozaji kijana ambaye alikaa naye chumba kimoja tangu mwaka 1951, wakila sufuria moja na kuvaliana nguo. Binti yao Dörte, anayesoma maneno haya, alizaliwa mwaka 1959. Dörte alimwita Marquardt Anko Henning, na alipanda mgongoni mwake mpaka alipokuwa mkubwa wa kuanza shule.

Marehemu alikuwa akiandika kabla ya kwenda kazini, kwenye meza ya jikoni, sikio lake zima akiligeuzia mlango ili asikie mtoto akiamka. Muswada wake wa kwanza, wa mkuu wa stesheni asiyewahi kupanda treni, ulifanywa filamu fupi mwaka 1960. Wa pili ulitoka mwaka 1962, na watu walipanga foleni kuutazama. Studio ikamwambia aandike kitu kikubwa.

Ili hicho kitu kikubwa kieleweke, ni lazima isemwe habari ya mama yake. Kijiji chao kilikuwa jirani na mpaka mpya uliokata Ujerumani vipande viwili. Hedwig Vollrath alikuwa na kaka upande wa pili, na Pasaka moja alivuka kwenda kumwona. Mwezi wa Juni 1952 wakubwa waliamua kuwaondoa mpakani watu wasioaminika. Wanaume walifika asubuhi na lori, wakamwambia apakie. Hedwig alisimama uani, mjane na aproni yake, akauliza neno moja tu.

"Na kuku?"

"Kuku wanabaki."

Alipewa chumba kimoja mjini Arnstadt, akaambiwa asimsimulie mtu. Hakumsimulia mtu, ila mwanawe, mara moja, wakimenya viazi.

Filamu ya marehemu iliitwa *Bibi Noack Hahami*. Haikutaja mpaka wala lori. Ilihusu kijiji kimoja cha eneo la Lausitz kinachobomolewa ili makaa ya mawe yaliyo chini yake yachimbwe. Wote wanapewa nyumba mpya mjini na wote wanahama, ila mjane mmoja. Si kwamba anapinga makaa ya mawe. Anakataa tu kuambiwa kwamba amefurahi. Mwisho wa filamu wanaume wanaingia uani kwake, naye anawatazama na kuuliza, "Na kuku?"

Marquardt ndiye aliyepewa kuiongoza. Jioni moja, wakila supu ya njegere jikoni kwa akina Vollrath, aliuliza neno lile lisemwe vipi, kwa hasira au kwa machozi.

"Wala hasira wala machozi," marehemu alimjibu. "Mama hakulia. Alitaka kujua tu nani atawalisha."

"Mama gani?"

Ndipo akamweleza. Marquardt aliweka kijiko chini. "Hili haliondoki jikoni humu, Eckart. Naapa kwa huyu mtoto." Akaweka mkono juu ya kichwa cha Dörte.

Walipiga picha majira ya joto ya 1965 katika kijiji cha Horkenau, ambacho kweli kilikuwa kikibomolewa. Wanakijiji walicheza nafasi zao wenyewe. Marehemu alikuwa mwandishi wa filamu na meneja wake pia, na Roswitha alisema hajawahi kumwona akitembea vile, kama mtu aliyevaa viatu vipya asivyotaka kuvisifia. Siku ya kupiga picha ya mwisho, fundi wa taa Ulrich Pfennigwerth, ambaye hajawahi kusifu kitu maishani mwake, alishuka kwenye ngazi akafuta pua kwa mkono wa shati. "Vumbi," akasema. "Hiki kijiji kina vumbi la ajabu."

Majira ya baridi upepo ukageuka. Wakubwa walikuwa wameanza kuzitazama filamu upya, na moja baada ya nyingine zikawa zinarudishwa kabatini. Mwezi wa Januari 1966 watu wote wa studio waliitwa bwaloni. Mtu aliyetoka Berlin alisimama mbele, akauliza kwa sauti ya upole, "Ndugu Marquardt, tueleze. Huyu bibi ni nani? Kwa nini dola ya wafanyakazi imwonee kikongwe kwenye filamu yenu?"

Marquardt alikuwa na filamu nyingine iliyosubiri kibali. Hilo kila mtu alilijua. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ndugu zangu, mimi nilidanganywa. Niliambiwa hii ni hadithi ya makaa ya mawe. Baadaye ndipo nikagundua kwamba Noack si Noack. Ni mama yake Vollrath. Ni mmoja wa wale waliohamishwa mpakani, na mwanawe ametaka kulipiza kisasi kwa mkono wangu."

Marehemu alikuwa ameketi safu ya tatu, na kwa kuwa sikio lake zima lilikuwa upande wa mbele, hakupitwa na neno. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu alikuwa nguoni hasa. Ni Pfennigwerth aliyepaza sauti kutoka nyuma.

"Henning! Hilo koti si la Eckart?"

"Ndugu, kaa chini!" mwenyekiti akamkemea.

"Nimekaa, Ndugu. Nauliza habari za koti tu."

Filamu ilipigwa marufuku. Na kwa sababu mwandishi ndiye aliyekuwa meneja, na kazi ya meneja ni kufungua na kufunga, marehemu aliamriwa aifunge mwenyewe. Alikusanya mikanda yote ya picha na ya sauti, akaipakia, akaikabidhi ghalani. Roswitha alimsaidia kubeba. Mtunza ghala aliwauliza kama kuna kilichosahaulika. "Hapana," marehemu akamjibu. "Mimi sisahau kitu. Ndiyo maana waliniajiri."

Lakini mzigo mkubwa ulimwangukia mtu ambaye hakuwemo bwaloni. Hedwig Vollrath aliitwa kuhojiwa Arnstadt, akaulizwa amemsimulia nani, kwa nini, na kaka yake wa upande wa pili amemtuma nini. Aliondolewa kwenye jiko la shule ya watoto wadogo alikokuwa akipika. Marehemu alipokwenda kumwona, mama alimfungulia mlango kiasi cha mnyororo wake.

"Nilikwambia neno moja maishani mwangu, Eckart. Moja. Ukalipeleka sinema."

"Mama, nilibadilisha kila kitu. Jina, kijiji, kila kitu."

"Kuku hukuwabadilisha."

Alikwenda tena Krismasi, akaruhusiwa kuingia, wakala kimya. Hedwig alifariki mwezi Machi 1968, na mpaka anakata roho hawakuwahi kurudi walivyokuwa. Marehemu aliweza kumsamehe mtu aliyemzuia kuandika. Hili hakulisamehe, na familia haitajifanya kwamba alilisamehe.

Alikatazwa kuandika kwa miaka minane. Umeneja hakunyang'anywa, kwa kuwa hakukuwa na aliyeuweza kama yeye. Filamu mpya ya Marquardt, ya wahandisi na bwawa lao, ilipata kibali na baadaye tuzo, na studio, ama kwa ujinga ama kwa ukatili, ilimpangia Vollrath awe meneja wake. Aliifanya kazi hiyo, na zilizofuata. Alimtafutia Marquardt mabwawa, vikosi vya askari, uwanja wa theluji mwezi wa Aprili. Roswitha alikuwa akipandwa na hasira. "Unamlisha mtu aliyekuuza mbele za watu!" Naye akajibu, "Nikiacha, tutakula nini sisi?" Roswitha hakuuliza tena, ila tangu siku ile alikataa kuhariri hata mkanda mmoja wa Marquardt, wakampeleka idara ya filamu za mafunzo ya usalama kazini. Alihariri filamu za ngazi na mitungi ya gesi mpaka alipostaafu, na alijivunia kila moja.

Dörte alipokuwa na miaka kumi na minne alimwona baba yake akimfungulia Marquardt mlango wa gari. Jioni akamvaa.

"Baba, huoni aibu?"

"Aibu ya nini?"

"Unamfungulia mlango kama bawabu."

Marehemu aliendelea kukata mkate. "Nikimfungulia mlango lazima anitazame," alisema. "Kila siku, asubuhi na jioni. Wewe unadhani ni nani kati yetu anayechoka?"

Binti yake wakati ule aliona ni maneno ya mtu mwoga. Sasa ameishi vya kutosha, na bado hana hakika. Inawezekana alikuwa mwoga. Inawezekana pia alikuwa mlinzi, na Marquardt alikuwa mfungwa wake. Au walifungwa wote wawili, na hakuna aliyekuwa na ufunguo.

Aliporuhusiwa kuandika tena, mwaka 1974, alipewa filamu za watoto tu. Aliandika mbili, na watoto wa Magdeburg mpaka Rostock walizijua kwa moyo. Miswada yake mingine minne ya watu wazima ilirudishwa kwa adabu. Huyo ndiye mwandishi wa filamu Eckart Vollrath: watu walimwona mwanzoni na mwishoni, na katikati, alipokuwa na nguvu zake zote, alikuwa akitafuta malori.

Ukuta wa Berlin ulianguka mwezi Novemba 1989, na ghala zikafunguliwa. *Bibi Noack Hahami* ilikuwa nzima. Sauti ilipotea mahali mahali, na Roswitha, ambaye alishastaafu, aliitwa kuiunganisha. Aliifanya kazi hiyo kama mtu anayemshona jeraha mtoto wake. Ilionyeshwa Berlin mwezi Februari 1990, ukumbi umejaa, watu wameketi hadi kwenye ngazi. Marehemu alinunua tai.

Taa zikazimwa. Majina yalikuwa yametengenezwa upya, kwa kuwa mwaka 1966 filamu ilifungwa kabla hayajaandikwa, na ofisi ilikuwa imempigia simu mwongozaji kumwuliza nani alifanya nini. Kwenye kitambaa cheupe, kwa herufi kubwa, ikatokea: *Imeandikwa na Henning Marquardt na Eckart Vollrath.*

Roswitha alimshika mkono. Hakuuachia mpaka filamu ikaisha, mpaka bibi yule akauliza habari za kuku na ukumbi mzima ukavuta pumzi. Kisha Marquardt akapanda jukwaani, nywele nyeupe zimechanwa nyuma, akapokea maua, akazungumza juu ya ujasiri. "Tulilipa gharama," alisema. "Lakini hatukunyamaza." Akawataja waigizaji, akamtaja mpiga picha. "Na rafiki yangu Eckart yuko hapa, meneja wetu, ambaye bila yeye tusingepata hata kiazi!" Watu wakacheka kwa upendo, wakageuka kumtafuta mtu wa viazi.

Walikutana nje ya ukumbi, Marquardt bado amekumbatia maua.

"Henning, jina lako limefika vipi pale?"

"Eckart, rafiki yangu, hukumbuki? Tuliandika pamoja. Jikoni kwako, usiku kucha."

"Mimi nilikuwa naandika. Wewe ulikuwa unakula."

Marquardt alicheka, akampiga begani, akavutwa na waandishi wa habari. Marehemu alimwandikia aliyehusika akitaka majina yarekebishwe, akajibiwa kwamba suala litazingatiwa, na aliyelijibu hakuwa tena kazini mwaka ulipoisha. Wala marehemu hakuwa. Studio iliuzwa, na mwaka 1991 waliachishwa kazi kwa mamia. Wenye mali wapya walikuwa wakiandaa matembezi ya watalii, wakamwomba avae koti la manyoya na kofia kama ya jambazi wa sinema awaonyeshe wageni mahali filamu za zamani zilipotengenezwa. Aliwauliza kama watalii nao wataletewa bata. Hawakumwelewa.

Alipeleka miswada yake minne Munich, upande wa magharibi. Kijana mmoja mwenye adabu alimwambia, "Bwana Vollrath, unaandika vizuri sana, lakini haya mambo yenu ya kule, nani leo anataka kuyatazama?" Marehemu alirudi nyumbani, akaanza kupanga safari za basi za wazee wa mtaa wetu, kwenda Dresden, kwenda baharini, kwenda kuchuma cheri. Hakuna mzee aliyewahi kuachwa njiani, hakuna aliyekosa kahawa. Wengi wa walioketi humu walimjua hivyo tu, yule bwana wa basi, na hawakujua walikuwa wanasafirishwa na nani.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2001. Alifanyiwa upasuaji, akapata nafuu, ugonjwa ukarudi. Mwezi Desemba mwaka jana alihamia nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, hapa Potsdam. Habari zilimfikia Marquardt, naye akaja mwezi Januari, na fimbo na tunda la nanasi. Roswitha alitaka kumfukuza. Marehemu akasema, "Mwache. Nimemfungulia milango mingi, mmoja zaidi hautaniua."

Marquardt aliketi akizungusha kofia mkononi. Akasema, "Eckart, nimekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?"

"Unajua wa nini."

"Ninajua. Nataka nikusikie ukilitaja wewe."

"Kwa nilivyosema bwaloni. Kwa mama yako. Na kwa lile jina." Alilia, na familia inaamini machozi yalikuwa ya kweli.

Marehemu alingoja amalize. "Sikiliza, Henning. Ulinisema mbele ya watu. Msamaha wa chumbani sina. Njoo Jumapili, nitakuitia watu wachache, wale waliobaki. Simama uwaambie ulichoniambia sasa hivi. Dakika moja tu. Kisha tutakula keki."

"Nitakuja."

"Utakuja kweli?"

"Naapa," alisema Marquardt.

Basi kwa mara ya mwisho marehemu alitayarisha tukio. Akiwa kitandani, pumzi ikimkatika, alipiga simu, akapanga nani amlete nani, akaomba ukumbi wa chakula, akaagiza keki ya tufaha na akakataa ya krimu kwa kuwa Pfennigwerth tumbo humsumbua. Jumapili walikuja: Pfennigwerth na fimbo zake mbili, mwanamke aliyekuwa akishona mavazi, binti wa yule mwigizaji aliyecheza Bibi Noack, wauguzi wawili waliokuwa zamu. Marehemu alinyolewa, akavalishwa shati jeupe, akasukumwa mpaka ukumbini kwenye kiti cha magurudumu. Aliomba awekwe upande ambao sikio lake zima litatazama mlango.

Walingoja. Kahawa ikamiminwa, ikapoa, ikamiminwa nyingine.

"Amepotea njia?" Pfennigwerth akauliza. "Henning huyu, Potsdam hii, miaka hamsini?"

"Atakuja," marehemu alisema.

Simu ililia ofisini kwa wauguzi. Alikuwa mke wa Marquardt. Alisema mumewe anasikitika sana, koo limemkamata, daktari amemkataza kabisa kuongea. Dörte ndiye aliyerudi na ujumbe. Aliutoa kama alivyoupokea, kwa kuwa baba yake asingetaka upunguzwe.

Marehemu alitikisa kichwa polepole. "Koo," akasema. "Mwaka 1966 lilikuwa zima kabisa." Akawatazama wageni wake mmoja mmoja. "Kateni keki. Watu wametoka mbali."

Waliikata. Alikula vipande viwili, ambavyo hakuwa ameweza kula kwa wiki nyingi. Pfennigwerth alijaribu kusimulia jambo la kuchekesha, likamshinda, akaketi ameushika mkono wa marehemu mpaka giza likaanza kuingia. Roswitha alipomrudisha kitandani alimwuliza kama ameumia. "Nilipanga tukio zuri," alisema. "Mwigizaji tu hakutokea." Akageukia ukutani. Marquardt hakupiga simu wiki ile, wala iliyofuata.

Eckart Vollrath alifariki tarehe 19 Februari 2004, mchana, mkewe na binti yake wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka sabini na minne.

Siku chache kabla, alitoa agizo moja kuhusu leo: kwamba wasifu wake usomwe, muziki upigwe, na baada ya hapo mtu yeyote asisimame kuzungumza kaburini, hata awe nani, hata amekuja na maua makubwa kiasi gani. Familia inawaomba mliheshimu. Waliokuwa na neno la kumwambia walipewa miaka mingi, na mwishoni wakapewa Jumapili nzima.

Ameacha mjane, Roswitha. Binti, Dörte, na mumewe Jörn. Wajukuu wawili, Mathes na Wiebke. Rafiki mmoja, Ulrich Pfennigwerth. Filamu mbili za mwanzo, mbili za watoto, na moja kubwa ambayo aliiandika peke yake, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ila neno moja ambalo lilikuwa la mama yake.

Haki aliikosa akiwa macho. Amani asiikose akiwa amelala.